Njiwa Wanakuja Asubuhi

Kaka yangu Verlin alitaka kuangusha njiwa mmoja tu. Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la makaa ya mawe, zawadi ya miaka mingi chini ya milima yetu ya Tennessee, na daktari alishamwambia msimu mwingine wa kuwinda asiupangie. Akitoka kulala huwa mtu kamili. Akikaa macho saa chache, pumzi inamtoka kama mpira uliotoboka.

Sasa, siku ya kufungua msimu, kwenye mashamba ya umma hafyatui mtu kabla ya saa sita mchana. Na nafasi nzuri, pale kwenye mti mkavu kando ya alizeti, ni ya anayetangulia kuweka ndoo yake. Basi tukatangulia. Kulipopambazuka tulikuwa tumeshakalia ndoo zetu, bunduki tupu magotini.

Njiwa wakaja. Makundi kwa makundi, chini kabisa, karibu watuvue kofia.

"Yule pale ana dharau," Verlin akasema.

"Kasoma kanuni kuliko wewe, kaka."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikatazama kando mpaka kikaisha, maana hapendi kutazamwa.

Binti Tackett, askari wa wanyamapori, akapita kukagua leseni. Nikamvuta pembeni. "Mwanangu, kaka hafiki saa sita. Mruhusu mmoja tu."

Akamtazama Verlin. "Mzee Dorsey, babu yangu mwenyewe yuko kule mwisho wa shamba. Kaniomba hivyohivyo, nimemkatalia, na chakula cha jioni nitakula kwake."

Nikarudi kwenye ndoo yangu.

Saa sita ilipogonga, midomo ya Verlin ilikuwa imeshabadilika rangi. Shamba zima likanguruma. Tukatia risasi. Njiwa akaja moja kwa moja juu yetu. Verlin akainua bunduki, ikafika kifuani, ikashuka. Wa pili, vilevile.

"Nikushikie mtutu?"

"Ukishika wewe, umepiga wewe."

Jirani yetu Arvil Poteet akaja na utani wake kutoka ndoo ya pili. "Verlin, umekuja kuwinda au kuwapungia mkono?" Kisha akaiona midomo ile. Akavua kofia. "Dorsey, mbona hamkusema? Tungewawekea nafasi. Angelala asubuhi, mkamleta sasa hivi akiwa na nguvu."

Verlin alikuwa amenikataza nisimwambie mtu. Nami nikaona kunyamaza ndiyo heshima, nikamwamsha gizani.

Hapo njiwa mmoja akatua kwenye tawi la chini la ule mti mkavu. Mtutu wa Verlin, ulivyolala magotini, ulikuwa unamtazama njiwa huyo. Kilichobaki ni kidole.

"Mpige," nikamnong'oneza.

"Amekaa."

"Nani anaona?"

Arvil alikuwa ameshatupa mgongo, anakagua mawingu kama mtu mwenye nguo kambani.

"Njiwa aliyekaa hapigwi, Dorsey," Verlin akasema, neno moja kwa pumzi moja. "Lini tumekuwa watu wa hivyo? Ataruka."

Tukamngoja aruke. Nilipiga makofi, nikarusha bonge la udongo. Njiwa akasogea kidogo, akajikuna shingo, akajikunyata kwenye manyoya yake. Verlin akafumba macho. Nikaichukua bunduki magotini pake, nikatoa risasi, nikainama karibu na kinywa chake kusikiliza. Alikuwa anapumua. Juu yetu yule ndege alikuwa bado amekaa.