Mama Mwingereza wa Mtoto Mmarekani

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni katika idara ya lafudhi, na mbele yangu walikuwapo mzimu mmoja, joka dogo, na jogoo mwenye upanga, kila mmoja ameshika fomu yake.

Kabla sijafika mbali, ijulikane kazi yangu, maana ndoto ya namna hii haimjii mkulima wa pamba. Mimi naitwa Luhende, natia sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni hapa Mwanza. Kwa desturi yetu mtafsiri ni mmoja na sauti zote ni zake: yeye ndiye jambazi, yeye polisi, yeye bibi harusi, na mbwa akibweka yeye ndiye anayeeleza amebwekea nini. Mwezi uliopita Bi Konsolata, mwenye studio, aliniletea kitu kipya. Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa Kijapani, ile aina ambayo kijana anaondoka kijijini na upanga na kurudi baada ya saa sitini akiwa ameokoa dunia. Kwenye mchezo huo wameshaweka sauti za Kiingereza juu ya zile za Kijapani, na mimi naweka Kiswahili juu ya Kiingereza.

Kiingereza chenyewe ndicho kilichotaka kunitia wazimu. Shujaa anaitwa Sorai, naye anabana pua kama Mmarekani. Mama yake anang'ata maneno kama Mwingereza aliyelelewa na watumishi. Watu hawa wamelala nyumba moja na kunywa maji ya kisima kimoja, na hakuna aliyewahi kupanda hata basi. Niliuliza mitandaoni. Wapenzi wa michezo hiyo walinijia juu, nusu wakidai mambo ya kale yanataka lafudhi ya Uingereza, nusu wakidai shujaa hawezi kuwa shujaa bila ile ya Marekani, na hakuna aliyenieleza huyu mtoto alilelewa na nani.

Imebaki sehemu moja tu. Mwishoni Sorai amepotea kwenye ukungu na kusahau hata jina lake, na mama anasimama mlangoni kumwita. Akiitwa vizuri anarudi. Nilikuwa nimekwisha kumwita mara kumi na moja. Bi Konsolata alizisikiliza zote, akavua miwani, akasema, "Luhende, huyu mama hamwiti mtoto. Anasoma taarifa ya habari." Akanipa mpaka saa nne asubuhi ya leo, baada ya hapo mama wa Sorai atapewa mtu mwingine.

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nilipokuwa sekondari nilichekwa sana kwa Kiswahili changu chenye Kisukuma ndani, r inatoka l na mwanangu inatoka ng'wanawane, nikakifua mpaka kikatakata. Siku hizi nikimpigia mama yangu simu kule Misungwi, huuliza kwanza anaongea na ofisi gani. Anasema kwa utani, lakini anasubiri jibu.

Basi nipo kwenye foleni. Dirishani amekaa karani, naye ni kasha la hazina, la mbao, lenye kufuli la shaba. Akiongea kifuniko kinafunguka, akinyamaza kinajifunga. Juu yake pamebandikwa sheria. Mwenye taji, mwenye umri unaozidi miaka mia mbili, na mwovu mwenye adabu, hao ni Uingereza. Yatima, mwenye upanga unaozidi kimo chake, na anayetangaza jina la pigo kabla ya kulipiga, hao ni Marekani. Paka na wauza samaki watapangiwa.

Mzimu ana miaka mia nne na kitu, anapewa Uingereza bila maswali. Jogoo ni yatima, wazazi wake waliliwa sikukuu moja, anapewa Marekani na anashukuru kwa kubana pua kabla hata hajaondoka dirishani. Joka dogo linakwama. Wazazi wake wote wako hai na wana afya. Linaambiwa lirudi likipata msiba, nalo linatoka taratibu huku likikunja fomu yake.

Zamu yangu inafika. Kasha linaniuliza taji, sina. Jina la pigo langu, sina. Linaniambia niseme neno lolote. Nasema habari za kazi. Kasha linafungua kifuniko, linayanusa maneno yangu, linakifunga.

"Hii haina kwao," linasema. "Imefuliwa. Ile ya kwanza iko wapi?"

Nalijibu kwamba niliiacha shuleni. Kasha halionyeshi kushangaa, inaelekea wanakuja wengi. Linanieleza kwamba ng'ambo ya mpaka mtu asiye na lafudhi hasikiki, kwa hiyo nitaazimwa ya Uingereza, ambayo wanayo ya kumwaga tangu wafalme waanze kupungua. Napewa ndani ya kikopo. Naimeza, ina ladha ya chai iliyopoa. Papo hapo najikuta nauomba mlango radhi kwa kuushika kitasa.

Nyuma ya mlango huo palitakiwa pawe choo cha idara. Ni kijijini kwa Sorai.

Mama yake amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilipokaribia niliona upande mmoja wa mdomo wake unaongea Kiingereza cha Uingereza na wa pili cha Marekani, kwa kupokezana, na vyote viwili navielewa. Alinieleza kwamba katika sehemu ya kwanza ya mchezo alikuwa Mwingereza. Sehemu ya pili ilipotengenezwa, kazi ikahamishiwa nchi nyingine, akaamka asubuhi Mmarekani. Majirani hawakuuliza kitu, maana nao walikuwa na yao.

"Nikimwita Kiingereza anasogea hatua kumi, halafu anasimama," anasema, na anaonyesha kwa mwiko. "Nikimwita Kimarekani anageuza kichwa tu. Saa nne ukungu unafunga naye akiwa ndani. Wewe si ndiye Kiswahili changu? Mwite."

Namwona Sorai. Amesimama ng'ambo ya kisima, ukungu umemfika kifuani, anatazama viganja vyake kama mtu anayetafuta mahali alipoandika kitu. Ni mtoto kabisa. Kwenye kioo cha kompyuta sikuwa nimeliona hilo, nilikuwa naona upanga.

Namwita. Sauti inatoka safi, imenyooka, kila herufi mahali pake. Namwarifu kwamba anaombwa kurejea nyumbani endapo hatakuwa na shughuli nyingine.

"Taarifa imepokelewa," unajibu ukungu.

Sorai anarudi nyuma hatua moja. Ukungu unamfika shingoni.

Mama wa Sorai hakunigombeza. Aliniuliza tu mama yangu mimi alikuwa akiniitaje. Nikamwambia ni zamani, nimesahau. Akanitazama, pande zote mbili za mdomo zikakubaliana kwa mara ya kwanza.

"Hujasahau. Unaona aibu."

Nikaona aibu. Sikuwa na pa kuificha, kijiji chenyewe kina nyumba nne. Akanionyesha nyuma ya jiko nikazunguke, na nilipozunguka jiko nikatokea darasani kwetu, kidato cha pili, na darasa limejaa.

Wote wamo, na wana umri ule ule. Mimi peke yangu ndiye mwenye kitambi. Wananiona, wanaanza kucheka. Upande wa madirisha wanacheka Kiingereza cha Uingereza, kwa kujizuia na viganja mdomoni. Upande wa mlango wanacheka cha Marekani, mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Mwalimu anawapa alama.

Dawati langu lipo mstari wa tatu.

"Umechelewa," linasema dawati. "Miaka kumi na minane nimekushikia kitu chako. Nimekaliwa na watoto wa kila aina, sijampa mtu."

Naingiza mkono chini yake. Ipo, imegandishwa na bazoka iliyotafunwa ikaisha utamu. Ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka, ina joto, inanuka moshi na maziwa ya mgando. Nataka kuitia mfukoni nikaivalie nje. Dawati linanikatalia. Linasema uliivulia hapa mbele yao, utaivalia hapa hapa.

Basi nikaivaa. Nilifungua mdomo mbele ya darasa zima nikawasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Walicheka. Kilichonishangaza ni kwamba walicheka dakika moja tu, halafu wakachoka, wakarudi kwenye daftari zao. Miaka yote hiyo nilidhani wale watu bado wanaendelea.

Kasha likaingia kwa dirishani, limebeba faili. Halikuwa na hasira, lilikuwa na utaratibu. Mdomo mmoja, lafudhi moja. Ile ya Uingereza niliyoazimwa sina ruhusa ya kubaki nayo, na kuirudisha kwenye kikopo haiwezekani kwa kuwa imeshatumika. Lafudhi haikai hewani, lazima ipate mdomo.

"Jaza hapa," linasema. "Ndugu wa karibu."

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na naamini yeyote aliyesoma katika nchi hii angekosea hivyo hivyo. Tangu darasa la kwanza, hospitali, shule, bima, mgambo, hakuna fomu niliyojaza isiyouliza ndugu wa karibu, na mkono wangu unajua jibu kuliko mimi. Uliandika jina la mama yangu, Nkwimba, Misungwi, nyumba ya kwanza baada ya lambo, nami nikiwa nawaza ukungu. Kasha lilipiga muhuri kwa kifuniko chake, likatoka kwa dirisha lile lile.

Nakimbia. Nalizunguka jiko. Sorai amebaki nywele tu juu ya ukungu, zile nywele zao zilizosimama, na mama yake ameuangusha mwiko.

Sikuwaza chochote. Niliita kama nilivyoitwa na mama jioni moja ya utoto, nikiwa nimejificha kwenye mtama kwa sababu nimepoteza ndama na naogopa kurudi. Aliyeniita siku ile alikuwa anajua ndama amepotea. Aliniita hivyo hivyo, bila haraka, kama mtu ambaye chakula kimeshaiva na hana jambo jingine duniani.

"Solai. Solai, ng'wanawane. Njoo ule, ugali unapoa."

Ukungu ulitafuta cha kujibu ukakosa. Mtoto akatoka, viatu mkononi, akapita kisima, akanipita mimi, akasimama mbele ya mama yake na kumwuliza, kwa kubana pua, ugali wenyewe ni kwa mboga gani. Mama akamshika kichwa. Alilia upande wa Uingereza na upande wa Marekani kwa pamoja, na kilio kilikuwa kimoja. Nami nililia, sitaki kusema uongo.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, mto umelowa. Sikunawa uso wala sikumsalimu mtu, niliogopa kuimaliza ile lafudhi. Nilijifunika blanketi gubigubi, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikamwita Sorai mara moja tu, nikamtumia Bi Konsolata. Jibu lilikuja nikiwa natafuta kandambili. Aliandika kwamba alikuwa anapiga mswaki uani, akaisikiliza, akajikuta ameingia ndani. Sehemu ni yangu.

Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nianze kazi hii, na mtu wa kumwambia alikuwa mmoja. Nikampigia. Nikamwamkia mama, "Mwangaluka, mayu." Safari hii hakuuliza anaongea na ofisi gani. Alivuta pumzi, akalitaja jina langu.

Alilitaja kwa kuling'ata. Kila herufi ilikuja imepigwa pasi, kama vile nyuma yake wamesimama watumishi wawili na mwenye kushika mwavuli. Mama yangu, ambaye Kiingereza anachokijua ni jina la sabuni moja, alinieleza kwa sauti ya malkia kwamba hajambo, mvua imenyesha, ila tangu alfajiri akiwaita mbuzi hawaji. Wanageuka, wanamtazama kama bwana shamba, wanaendelea kula.

Nilimwomba radhi. Sikusema kwa lipi, naye hakuuliza, ana miaka sabini na ameshaona mengi.

"Hata sijui imeingilia wapi," alisema malkia. "Lakini sina wasiwasi nayo, ng'wanawane. Mgeni siku mbili. Ya tatu nitaipa jembe."