Uzi wa Agnesi

Asubuhi ya Jumatatu, katika ofisi ya upimaji iliyo juu ya duka la mawese mjini Rumonge, Joanita alifungua picha mbili kwenye kompyuta. Moja ilipigwa kutoka kwenye ndege kabla watu hawajakimbilia Tanzania, nyingine ilitoka kwenye setilaiti mwaka jana. Kazi yake ilikuwa kuzilinganisha. Programu hutafuta vitu visivyosogea, kona ya kanisa au mwamba, kisha huchora uzi wa njano kutoka kitu cha zamani hadi kilekile kwenye picha mpya. Michikichi haisaidii kitu, kwa sababu kutoka juu yote hufanana.

Kabla ya adhuhuri nyuzi zilitoka kwenye skrini, zikapita dirishani na kutanda juu ya mji. Watu warefu waliinama kidogo. Aisha wa dukani alilalamika kwamba mmoja umekatiza kati ya mapipa yake, akausogeza kwa ufagio.

Joanita alimpigia simu Agnesi, aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi na kudai shamba la baba yake bila shahidi hata mmoja. Wakafuata uzi ulioanzia kwenye shamba hilo katika picha ya zamani hadi uani kwa Jean Bosco, aliyekuwa akiishi hapo sasa. Uliishia nyuma ya jiko, kwenye jiwe kubwa ambalo mama yake Agnesi alikuwa akivunjia kokwa za chikichi. Agnesi alipiga vigelegele.

“Amahoro, mama,” alisema Jean Bosco. “Uzi iko yako, sikatai. Lakini mimi nilizalikiwa humu. Nitaenda wapi?”

Mkuu wa ofisi alikuja, akaugusa uzi kwa kidole.

“Tunauona wote, mama. Lakini haina kashe. Kitu yenye haina kashe siwezi kuitia mu dosiye.”

Uzi kweli haukuwa na muhuri wa kuuingiza kwenye faili, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

Mke wa Jean Bosco aliomba ruhusa ya kuanika vitenge kwenye uzi. Agnesi alikubali, akaketi kando ya jiwe, na hakuondoka tena. Walimletea ugali na ndagala, wakazoea kumzunguka wakipita.

Picha za mwaka huu zilipofika, programu ilichagua alama moja mpya, thabiti kuliko kanisa. Joanita aliikuza, akamwona Agnesi. Roho ilimuuma, lakini aliithibitisha. Picha zililingana barabara, ofisi ikasifiwa, na ramani ikachapishwa shamba lile likiwa na jina la Jean Bosco.