Ukurasa wa Mbele

"Hamisha programu yako nyuma, weka ya Selorm mbele," alisema Madam Bentil, msajili wa chuo, kana kwamba anapanga viti vya mkutano.

Fiifi akainamia kibodi. Kwa miaka mingi, aliyeandika anwani ya chuo mtandaoni alipokelewa na programu ya Fiifi, yenye matangazo na picha ya ngome ya Cape Coast iliyopinda kidogo. Leo wanafunzi wangejisajili kwa programu ya Selorm, kijana aliyeajiriwa juzi na meno yake meupe. Seva ya Java iliyoendesha programu zote mbili ilikuwa moja, na fundi wake ni Fiifi. Yaani mume wa zamani ndiye atandike kitanda cha mume mpya.

"Nikuletee kenkey na samaki, kaka?" Selorm aliuliza.

"Nimeshiba."

Ameshiba nini, na tumbo linanguruma kuliko feni ya seva?

Selorm alipotoka, Fiifi akaisogeza programu yake nyuma. Kisha akafika kwenye mstari wa idadi ya njia ambazo programu ya Selorm ingetumia kwa wakati mmoja kwenda kwenye hifadhidata. Selorm alikuwa ameomba hamsini. Wivu ukaandika tano.

Usajili ukafunguliwa. Wanafunzi wakamiminika, watano wakapita, wengine wakangoja. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka. Fiifi, roho kwatu, akafungua wa kwake auone unavyopaa. Nao ukazunguka. Hapo ndipo akili ikarudi: programu zote mbili zinagawana wahudumu walewale wa ndani ya seva, wanaopokea kila ombi, na wahudumu wote walikuwa wamekwama kwenye foleni ya Selorm. Alimfunga mwenzake kamba, ncha ya pili akaifunga mguuni mwake.

Madam akaingia. "Nani kaharibu?"

Selorm alishafungua faili, anashuka na kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama. Fiifi akapata ghafla mapenzi makubwa na dirisha.

"Tano," Selorm akasema taratibu. "Labda nilikuandikia vibaya, kaka. Madam, kosa ni langu."

"Ndiyo maana nakupenda. Wengine humu hata kusema hivyo hawajui."

Hata kosa kalichukua, na limempendeza.

Hamsini ikaandikwa, seva ikawashwa upya, wale wawili wakatoka wakicheka. Fiifi akabaki akitazama orodha ya wageni ikishuka kwenye skrini: mbele, mbele, mbele, mamia. Nyuma, mmoja tu. Akaangalia ametokea mashine gani. Ilikuwa yake.

Akabofya tena. Wakawa wawili.