Huyu Hapiti

Kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga walimwita Kidolegumba, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ileile: anamchukua kifaranga, anampindua tumbo juu, anapitisha kidole gumba kwenye kitovu. Kikiwa kikavu na kimefunga vizuri, anapita. Kikiwa wazi au kinanuka, au tumbo limevimba kwa kiini cha yai ambacho hakijanyonywa, maskini, hapiti. Halafu macho, mdomo, na vifundo vya miguu visiwe vyekundu. Sekunde tatu, basi. Wasiopita waliingia kwenye ndoo ya kulia, ya kwenda kuuawa, na kwa kila mmoja ilibidi aseme kwa sauti, "Huyu hapiti," ili mwenzake aweke alama kwenye karatasi.

Mumewe alipofariki, alirudi mezani siku ya nne. Wenzake wakasema ana roho ngumu. Roho ngumu wapi! Mama wa watu alikuwa amekufa ganzi. Makaburini hakulia, na miezi minne baadaye alikuwa bado hajalia. Ukimsalimia, "nzuri." Ukimpa chakula, anakula, ukimwuliza alichokula hajui.

Binti yake, aliyekuja kujifungulia kwake, alikuwa na tumaini moja tu: mama akimshika mjukuu, atarudi kuwa mama. Naye mwenyewe alilitaka hilo, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya inakataa. Mtoto akazaliwa, na siku tano bibi alikwepa. Mara anafua, mara ana mafua, mara kiwandani wanamhitaji.

Siku ya sita, asubuhi, binti alimwekea mtoto mapajani.

"Haya bibi, mshike mume wako," akamtania, kisha akajiuma mdomo. Utani wenyewe wa kawaida, ila mume alikuwa kaburini.

Kidolegumba alimtazama mtoto, akasubiri. Hakuna kitu. Mikono ikaanza yenyewe. Ikamlaza mtoto chali, ikafungua nepi, kidole gumba kikaenda kwenye kitovu. Ngozi ya pembeni ilikuwa nyekundu, imevimba, ina joto. Kulikuwa na majimaji, na yalinuka. Akainua mguu mmoja, ukaanguka umelegea.

"Huyu hapiti," akasema, na mkono wake wa kulia ukamwinua mtoto kumpeleka pembeni.

Binti alikulia kwenye maneno hayo. Aliijua ndoo. Akamnyakua mwanawe, akatoka nje hata kanga hajaifunga sawasawa, mama yake akimfuata nyuma.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi alimchoma mtoto sindano, akasema sumu ilikuwa inaanza kuingia kwenye damu na itabidi wahamishiwe hospitali kubwa, lakini atapona.

"Mmewahi. Mngengoja kesho, tungekuwa tunasema mengine. Nani aliyeona?"

Binti akaonyesha kwa kidevu. "Yeye." Hakusema mama.

Walikaa kwenye benchi kusubiri gari. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza.

"Nipe nikupokee, mwanangu. Umechoka."

"Hapana. Kaa tu."

Hapo ndipo ilipouma. Iliuma hasa, kuanzia kifuani mpaka kwenye meno, na machozi ya miezi minne yakamshuka bila breki, ya mjukuu na ya marehemu yamechanganyika. Binti alimwona analia. Akamhamishia mtoto bega la pili, la mbali.