Mwalimu Alisema Mwache

Kaka yangu hajui kuamuru. Nalisema mapema ili asije mtu akaniambia nilimwonea. Miaka ishirini na sita alifundisha shule ya msingi, na watoto wa watu walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwaambia "kaeni". Aliwaambia "mkae". Hakusema "nyamazeni", alisema "mnyamaze". Hata mbwa wa jirani akiingia uani alimwambia "mwende kwenu", na mbwa mwenyewe alikuwa mmoja. Alipostaafu akapewa timu ya baiskeli, akaja na adabu yake yote, akanichukua na mimi mdogo wake niwe fundi. Ndiyo maana yeye anaitwa Mwalimu na mimi naitwa Shangazi, hata na watu wenye ndevu.

Timu ilikuwa na vijana watano, na wa kushinda walikuwa wawili. Mmoja ni Spoku, mwana wa Mwalimu mwenyewe, mwembamba, mpanda milima, maneno yake ya kuhesabu. Wa pili ni Kelele, na jina linajieleza. Kelele ana mbio za ajabu kwenye tambarare na mdomo usiopumzika, lakini si mtu mbaya, hilo pia nalisema mapema. Kabla hatujaanza mashindano yale ya siku sita nilimfuata kaka gereji kwangu, alikokuwa ananisumbua kwa kupanga spana zangu.

"Timu ina kiongozi mmoja," nikamwambia. "Mmoja anashinda, wanne wanamfanyia kazi. Chagua."

"Barabara itachagua," akasema.

"Barabara ni lami, kaka. Chagua wewe."

"Nikimchagua Spoku watasema nampendelea mwanangu. Nikimchagua Kelele, nitamtazamaje mwanangu mezani?"

Basi akawaita wote wawili akawaambia, "Nyote ni viongozi, msaidiane." Nyote ni viongozi! Nilitupa kitambaa chini. Viongozi wawili kwenye timu moja ni kama madereva wawili kwenye usukani mmoja, na mimi ndiye nitakayeokota vyuma.

Siku nne walivumiliana. Siku ya tano, tukiwa kwenye kilima kirefu kuelekea mwisho, wale wawili walikuwa mbele na kundi dogo, na wenzao watatu walishachoka, wako nyuma huko. Gari letu lilizuiwa nyuma ya magari ya timu nyingine. Kaka anaendesha, redio mkononi, mimi kiti cha nyuma nimekumbatia magurudumu mawili. Tukasikia sauti ya Spoku: "Pancha. Tairi la nyuma."

Kwenye kazi hii jambo hilo lina dawa yake. Gari likiwa mbali, mwenzako anasimama anakupa gurudumu lake, unaondoka, yeye anasubiri gari. Lakini nani ampe nani, ikiwa wote ni viongozi? Wakaanza kubishana redioni, sote tunasikia.

"Nipe lako," Spoku anasema.

"Kwa nini nikupe? Mimi nami ni kiongozi!"

"Huu mlima ni wangu, wewe hujui kupanda."

"Nani hajui kupanda? Sema tena!"

Kaka akaingiwa na kiwewe. Mtu mwingine yeyote angewapigia kelele: acheni! Acheni ugomvi, wewe mpe, wewe nenda. Yeye akabonyeza redio akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Mwache. Tafadhali, mwache."

Redio ikanyamaza. Nikajua hapo hapo. Nikasema, "Kaka, umesema nini?"

"Nimewaambia waache kubishana."

"Umemwambia Kelele amwache Spoku!"

Akanigeukia ametoa macho. Yeye kichwani mwake alisema nyinyi wawili mwache hayo. Kelele, mapigo yanamdunda masikioni, alisikia mwache huyo. Naye si wa kuambiwa mara mbili. Tulipofika tulimkuta Spoku peke yake pembeni ya barabara, baiskeli ameilaza, gurudumu bovu ameliegemeza kwenye goti. Nilimbadilishia kwa sekunde kumi na mbili, sijawahi kufanya haraka namna ile. Hakumtazama baba yake hata mara moja. Alipanda akaondoka.

Bado kaka alikuwa na redio mkononi. "Mrekebishe," nikamwambia. "Sema haraka kwamba hukumaanisha."

"Kelele ameshafika mbali," akasema. "Nikisema sasa nitawachanganya."

Siku ile Kelele alivaa jezi ya njano, ya anayeongoza mashindano. Kwa hesabu ya siku zote alikuwa sekunde ishirini mbele ya mpinzani wetu mkubwa, mmoja wa timu ya jezi za kijani, na Spoku akawa wa tatu, sekunde kumi na tano nyuma ya huyo wa kijani. Jioni, ukumbi wa chakula wa hoteli, mwenyekiti wa timu alisimama na glasi ya maji. "Huyu ndiye kocha!" akasema. "Amemwacha mwanawe wa kumzaa barabarani kwa faida ya timu. Nani kati yenu angeweza?" Watu wakapiga makofi. Na kaka yangu, haki ya Mungu, kaka yangu tuliyenyonya titi moja, akainamisha kichwa kama mtu anayepokea pole, akayapokea makofi yale.

Damu ilinichemka mpaka nikashindwa kutafuna. Nilimngoja kwenye maegesho, karibu na gari. "Hukumwacha! Ulikosea neno. Mwambie mtoto."

"Amekubali, humwoni? Ametulia. Kesho atamfanyia kazi Kelele, mambo yamekaa sawa."

"Mambo yamekaa sawa! Mwanao anaamini ulimtupa, wewe unakula sifa. Huoni haya?"

"Usipaze sauti," akasema. Kwangu mimi anajua kuamuru.

Nilimpa mpaka asubuhi. Asubuhi hakusema. Alikaa mezani anapaka siagi mkate wake, pembe mpaka pembe, Spoku upande huu na Kelele upande ule. Basi nikasema mimi. "Spoku, jana baba yako hakusema uachwe. Aliwaambia nyote mwache kubishana. Ndiyo mwache yake ile, unamjua anavyosema. Kelele akasikia vingine. Na jana jioni Mwalimu amenyamaza kwa sababu amependa kusifiwa."

Kelele aliweka kijiko chini. Spoku alimtazama baba yake, akamtazama hasa.

"Kweli, baba?"

"Kweli," kaka akasema.

Nilidhani mtoto atafurahi. Mjinga mimi! Uso ulimbadilika, akawa kama mtu aliyeibiwa.

"Jana sikulala, lakini nilikubali," akasema. "Nilisema baba ameogopa maneno ya watu, lakini angalau amechagua. Nikasema nitamvuta Kelele mpaka nife. Kumbe hukuniacha, wala hukunichagua. Basi leo chagua. Mlima ni mmoja tu umebaki. Mimi au Kelele? Ukisema Kelele nitamfanyia kazi. Nataka nisikie kwako tu."

"Sema tu, Mwalimu," Kelele naye akasema, polepole. "Mimi sitakasirika."

Ebo! Watoto wenyewe wamemfungulia mlango. Kaka akatazama mkate wake. "Mle kwanza," akasema. "Mle, tutaona huko mbele."

Nilitoka nje nikaenda kukaza nati ambazo zilikuwa zimekazwa.

Mlima wa mwisho ni kilomita tisa. Zilipobaki nne, Kelele akaisha. Si kwa kutegea, aliisha kabisa, mabega yanayumba, njano yote imelowa. Yule wa jezi ya kijani akaona hivyo, akaondoka. Safari hii gari letu lilikuwa mita thelathini nyuma, niliona kila kitu. Spoku alikuwa mzima. Miguu yake inazunguka kama saa. Angemfuata wa kijani angempita, na angempita kwa zaidi ya sekunde kumi na tano, naapa. Aligeuza kichwa akatutazama.

"Baba," redio ikasema. "Niende?"

Nikamshika kaka bega kwa nyuma. "Nenda. Mwambie nenda. Neno moja, kaka, la mtu mmoja!"

Kaka alifungua mdomo. Nilimwona jasho linashuka nyuma ya sikio. Mbele yetu Kelele anainua kichwa anampungia Spoku mkono, nenda, nenda zako. Hata Kelele ameshachagua! Wa kijani akapotea kwenye kona.

"Mwende," kaka akasema redioni. "Mwende tu, wanangu."

Spoku akatazama mbele. Kisha akaacha kukanyaga, akarudi nyuma taratibu mpaka akawa bega kwa bega na Kelele. Akakaa pale. Kelele anampigia makelele, anamtukana, analia, aondoke. Hakuondoka. Walipanda kilomita nne zile pamoja kwa mwendo wa wagonjwa, watu wakawapita mmoja mmoja, na mimi nyuma kwenye gari nikapiga kiti cha kaka kwa ngumi mpaka mkono ukafa ganzi. Redio ilikuwa hapo katikati yetu. Ningeweza kuinyakua. Nami sikuinyakua, nilitaka atamke yeye.

Walivuka mstari dakika tatu na nusu nyuma ya wa kijani. Jezi ikaenda, mashindano yakaenda. Mwenyekiti alishaondoka na glasi yake. Kaka alishuka garini akamkimbilia mwanawe.

"Kwa nini hukwenda? Ulikuwa na nguvu, nimeona! Kwa nini?"

Spoku alishuka kwenye baiskeli akanikabidhi mimi, usukani kwanza, kama anavyofanya siku zote. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ulisema mwende, baba," akasema. "Tumekwenda."