Gichuki Wawili

Ofisi ya kupangisha nyumba pale Stafford, kando ya jiji la Houston, ilikuwa na kiyoyozi kikali, na Dorothea, Mtanzania aliyekuwa akichuja waombaji, alivaa sweta huku nje watu wakichemka kwa joto. Mbele yake alikaa Gichuki, Mkenya, mhudumu katika makao ya wazee kule Gulfton. Tangu waachane na mkewe alikuwa akilala ndani ya gari lake. Binti yao, Angel, aliishi mji wa mbali, Plano, na mama yake, na mama alikuwa ameshasema: mtoto atakwenda kwa baba siku baba atakapokuwa na mlango wa kufunga. Gichuki alimkumbuka sana huyo mtoto.

"Kaka, umewahi kufukuzwa kwenye nyumba?" Dorothea aliuliza.

"Sijawahi, sister. Background yangu iko clean kabisa."

"Mbona jina limegonga kwenye kompyuta? Kuna Gichuki hapa alifukuzwa."

Mfumo ulikuwa umemtafuta Gichuki, na ulikuwa umempata. Mzee mmoja aliingia kwa mlango wa vioo, amejitanda blanketi, mbuzi wakimfuata nyuma. Alikuwa babu yake Gichuki, mzaa baba, na alikufa kabla mjukuu hajazaliwa, lakini aliitwa, naye hakuwa mtu wa kuitwa akanyamaza. Dorothea akasogeza chungu cha maua mbuzi wasije wakakila, akamvutia mzee kiti.

"Shikamoo, babu. Ulifukuzwa wapi?"

"Mzuri, mama. Ni kwa shamba ya mzungu, huko Nakuru. Alisema mbuzi yangu imekuwa mingi. Alichoma nyumba sisi tukikunywa uji."

Dorothea akaandika: mifugo bila idhini.

"Kaka," akamgeukia Gichuki, "mwenye nyumba hataki mtu aliyewahi kufukuzwa. Ila ukisaini kwamba huyu mzee si wewe, ufunguo nakupa leo leo."

Si jambo dogo aliloliomba. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na hapewi jina tupu; mzee mwenyewe ndiye huhesabiwa amerudi. Baba yake Gichuki, mtu mwenye mvi zake, hakuwahi kumwita mwanawe kwa jina. Alimwita baba, na alipokuwa akila nyama alimkatia kwanza yeye.

Gichuki aliviangalia vidole vya mzee, vifupi na vinene, kisha akaviangalia vyake vilivyoshika kalamu. Akamfikiria Angel, ambaye kila akipiga simu aliuliza, "Daddy, is it ready?" Akasaini.

Mzee hakugomba. Kuhama alikuwa amekuzoea. Aliuliza tu mbuzi wapitie wapi, na Dorothea akamwambia lango la magari hufunguka lenyewe. Walishika njia upande wenye kivuli. Dorothea akafagia mavi ya mbuzi, akamwita mwombaji aliyefuata, mama mmoja wa Kikongo aitwaye Rosette, ambaye nyuma yake walikuwa wamekwisha kupanga foleni bibi zake wote, na mizigo vichwani.

Angel akaja mwisho wa juma. Alizunguka vyumba, akajaribu mabomba, halafu akaanza kuufunga mlango kwa ufunguo na kuufungua, akifurahia mlio wake. Gichuki alitaka mtu wa kumwonyesha furaha ile. Hakuwa na mtu Houston nzima, kwa hiyo akampigia baba yake kule nyumbani, Ol Kalou.

"Haloo," alisema baba yake. "Ni nani?"

"Ni mimi, Gichuki."

Baba yake akazungumza kwa adabu, kama anavyozungumza na watu wa benki.

"Pole sana, bwana, nafikiri umekosea namba. Gichuki tuko naye hapa. Amefika jana na mbuzi yake, amechoka, tumemchinjia. Sasa amelala."

"Amekula vizuri?"

"Amekula. Akiamka nimwambie ni nani alipiga?"

Mlangoni Angel aligeuza ufunguo tena.

"Mwambie ni mpangaji," akasema.