Kitabu Kilichowahi

Kwa miaka thelathini na moja Don Radhamés Almánzar alikuwa akitoa kitabu chake cha besiboli siku moja tu kabla ya msimu kuanza, na kila mwaka watu wa mji wake wa San Pedro walimcheka. "Mzee, mpira unaanza, kitabu bado kiko jikoni!" Basi mwaka huu akasema liwalo na liwe, watamtambua. Kitabu kikatoka wiki sita mapema, cha karatasi na cha kwenye simu siku ileile, kila mchezaji wa ligi na umri wake, ushindi wake, mkono anaorushia. Mzee akazunguka mjini na nakala kwapani, kidevu juu. "Haya, semeni tena!"

Siku ya kumi na moja tangu kitabu kitoke, Yeuris Paniagua, mrushaji wa ukurasa wa themanini na nne, kijana aliyetarajiwa kufungua msimu, akagongwa na lori la mchanga akiwa kwenye pikipiki yake. Alifia palepale barabarani.

Radhamés alilia wala hakuona haya. Binti yake, Dilenia, aliyesimamia kitabu cha kwenye simu, alitaka kumtoa kijana siku hiyohiyo kwenye orodha ya wachezaji na kumpeleka ukurasa wa mwisho, ule wa waliofariki. Mzee akakataa katakata.

"Mama yake yuko kwenye sala za siku tisa. Mpaka ziishe hakuna anayegusa hata kitanda cha marehemu, sembuse jina lake. Ngoja."

Dilenia akangoja. Sala zilipokwisha, kesho yake asubuhi mama mwenyewe akatokea ofisini. Doña Milqueya alikuwa amevaa nyeusi mpaka viatu, na alipoletewa kahawa akaisukuma pembeni. Kwa watu wa kule kukataa kahawa si jambo dogo, na Radhamés akajua amekuja kwa shari.

"Doña, pole tena. Tunamhamisha leo leo, nakuahidi."

"Kitabu chako kina uongo, Don Radhamés."

Mzee akasimama. Mtukane yeye mwenyewe, atacheka, lakini kitabu! "Uongo? Mimi nimehesabu kila mpira aliorusha mwanao tangu siku ya kwanza! Uongo gani, mama?"

"Jina. Yule si Yeuris."

Dilenia akaacha kuchapa. Doña Milqueya akatoa kifuani vyeti viwili vya kuzaliwa vilivyokunjwa pamoja, akavitandaza mezani.

"Yeuris ni mdogo wake. Alikufa kwa homa hajatimiza mwaka, na kifo chake hatukukiandikisha popote. Mkubwa ni Wilton. Alipokuwa na miaka kumi na tisa wakala wa wachezaji alikuja kwetu Consuelo, akamwona anarusha. Akasema mkono anao, ila amechelewa, klabu kubwa za ng'ambo, kule kaskazini, zinataka watoto. Akaniuliza kama nina cheti cha mtoto mdogo zaidi." Akainua mkono. "Nilikuwa nacho. Nikampa. Kwa mkono wangu huu."

Visa vya namna hiyo Radhamés alivijua, nani San Pedro asiyevijua? Kila mwaka aliwachamba watu wa vyeti vya kughushi kwenye dibaji yake, tena bila huruma. Leo aliinama, akasoma tarehe za vile vyeti.

"Wakala akanikanya nisimwite Wilton tena, hata nyumbani, hata tukiwa wawili, majirani wasije wakasikia. Miaka saba, Don. Yeuris njoo ule. Yeuris funga mlango. Mwanzoni yeye alikuwa haitiki, anasahau, tunacheka. Baadaye akazoea. Siku tisa hizi watu wamemwombea Yeuris. Msalaba umeandikwa Yeuris. Yeuris nimemzika mara mbili. Wilton wangu hajazikwa na mtu."

"Baba," Dilenia alinong'ona, "tumwandike."

"Tulia kwanza." Mzee akaegemea meza. "Doña, nisikilize. Nikiandika hivi ligi itaona. Wanaweza kumfutia ushindi wote. Watu watasema alikuwa mwongo."

"Mwongo ni mimi. Kama kuna nafasi, andika na hilo."

Radhamés hakubishana tena. Akamwondoa binti yake kwenye kiti, akakaa mwenyewe, akachapa kwa kidole kimoja kwenye ukurasa wa waliofariki: Wilton Paniagua, mrushaji, mkono wa kushoto, Consuelo, miaka ishirini na sita. Dilenia akabonyeza, akampa mama simu yake. Doña Milqueya akaisogeza karibu na macho.

"Ndiyo. Huyu ndiye." Kisha akauliza, "Na kile cha karatasi?"

Mzee akatazama chini. Nakala elfu mbili zilikuwa tayari zimo majumbani mwa watu, na katika kila moja, ukurasa wa themanini na nne, yuko Yeuris, miaka ishirini na mitatu, yuko hai.

"Kile hakirudi, mama. Ningengoja Oktoba kama miaka yote..." Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Majivuno tu, kuonyesha watu!

Doña Milqueya hakumlaumu. Alikunja vyeti vyake, akavirudisha kifuani, akainuka.

"Saa hizi si siri tena, au siyo? Naweza kumwita?"

"Mwite, mama," alisema Dilenia.

Akafungua mdomo. "Yeu..." Akajishika midomo kwa vidole, akatikisa kichwa kwa hasira. Ulimi ulikuwa umemkatalia. Akajaribu tena, polepole, "Wil... ton." Mara ya tatu akaita kwa sauti kubwa, ile ya mama anayeita mtoto uani chakula kikiwa tayari.

"Wilton! Wee Wilton!"

Muuza parachichi aliyekuwa akipita barabarani aligeuka kutazama. Doña Milqueya alisimama akiuelekea mlango, akangoja kidogo, kama anayempa mtu muda wa kuvaa viatu.